Nani Huweka Sifuri? Kupima Muda Kati ya Lodwar na Kalobeyei

Stopwochi iliyomo ndani ya saa ya dijitali ni kazi ambayo mtoto huielewa kwa kuitazama mara moja. Kitufe kikibonyezwa tarakimu hukimbia, kikibonyezwa tena husimama, na kitufe kingine huzirudisha sifuri. Anayejifunza kuandika programu hupewa stopwochi miongoni mwa mazoezi ya mwanzo kwa sababu inaonekana haina siri. Nadai hapa kwamba ina siri moja kubwa, na kwamba historia ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kutoka Lodwar hadi Kakuma na makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, inaieleza siri hiyo vizuri kuliko kitabu chochote cha kompyuta. Stopwochi hufanya kazi mbili zilizofungamana. Ya kwanza ni kuhesabu, na hiyo mashine huifanya kwa uaminifu. Ya pili ni kuamua hesabu ianzie wapi na iishie wapi, na hiyo hufanywa na mwenye kidole juu ya kitufe. Karibu kila mgogoro mkubwa wa muda uliowahi kuwapata watu wa eneo hili ulihusu kazi ya pili. Hesabu zenyewe zilikuwa sahihi. Sifuri ndiyo iliyowekwa mahali ambapo walioguswa nayo hawakuulizwa.

Tuanze na mashine, maana hoja yenyewe imo ndani yake. Kila saa ya aina hii ina kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi kilichochongwa ili kitetemeke mara 32,768 kwa sekunde kinapopata umeme wa betri. Namba hiyo haikuokotwa tu. Ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na mpigo mmoja kamili kwa sekunde, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwa sakiti ya umeme. Ugumu huja pale mtu anapotaka sehemu za mia za sekunde, kwa kuwa 32,768 haigawanyiki sawasawa kwa 100. Njia mojawapo ya kuukwepa ugumu huo ni kugawa mara nane tu, ukapata mapigo 128 kwa sekunde, kisha kwa kila mpigo ukaongeza 100 kwenye akiba ya pembeni. Akiba ikifika 128 au kuipita, programu hutoa 128 na kusogeza mbele tarakimu ya sehemu za mia. Kwa sekunde nzima akiba hupokea 12,800, nayo ikigawanywa kwa 128 inatoa 100 bila baki. Tarakimu ya mwisho huweza kuchelewa kidogo sana katikati ya sekunde, lakini sekunde ikitimia hakuna kilichopotea. Fundi anayefuata njia hii hana sababu ya kuwa na wasiwasi na hesabu yake.

Wasiwasi wake unapaswa kuwa kwenye kitufe. Vipande viwili vya chuma vinapogusana chini ya kidole hurukaruka kwa muda mfupi mno kabla ya kutulia, na programu isiyojihadhari huweza kusoma mbonyezo mmoja kama mibonyezo kadhaa, ikaanza na kusimama papo hapo. Kwa hiyo mwandishi wa programu huiamuru saa isikubali mbonyezo mpya hadi muda mfupi upite. Tena, programu nzuri haijumlishi muda kila kioo kinapobadilika, kwa sababu kila kuchelewa kidogo kungelimbikizwa. Huandika kihesabio kilikuwa kinasoma nini mtu alipobonyeza, halafu hutoa namba hiyo kutoka kwa inayosomwa sasa. Stopwochi nzima, kwa maneno mengine, ni kutoa: sasa toa mwanzo. Mwanzo ukiandikwa vibaya, kila tarakimu itakayofuata itakuwa imehesabiwa kwa usahihi kamili na jibu litakuwa la uongo. Hakuna fuwele, hata iwe bora namna gani, inayoweza kulirekebisha kosa hilo, kwa sababu fuwele haijui mbio zilianza lini.

Chombo hiki kina umri mdogo. Seiko walianza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, tarehe 25 Desemba 1969 mjini Tokyo. Mwaka 1972 ilifuata Pulsar ya kampuni ya Hamilton, saa ya dijitali ya taa nyekundu iliyokuwa pambo la matajiri. Mwaka 1973 Seiko walitoa saa ya tarakimu za kioo kisichokula sana betri, na miaka miwili baadaye wakaitia stopwochi. Kisha bei ikaporomoka. Mwaka 1989 Casio walitoa F-91W, saa ya plastiki yenye stopwochi ya sehemu za mia inayofika dakika 59 na sekunde 59.99 kabla ya kurudi mwanzo. Uwezo ambao zamani ulikuwa wa mwamuzi wa mashindano ukaingia mikononi mwa yeyote mwenye pesa kidogo za saa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa. Stopwochi ya bei rahisi na kambi hiyo ni rika moja, na tutaona kwamba zilikutana.

Lakini watu wa eneo hili walipima muda tangu kale, na walijua vizuri kwamba sifuri huchaguliwa. Mwaka wa Waturkana umegawanyika katika akiporo, majira ya mvua, na akamu, majira ya kiangazi, na mvua haifuati kalenda ya ofisi yoyote. Miaka mikubwa hupewa majina ya yaliyotokea, si namba. Ukame uliofagia mifugo kuanzia mwaka 1979 hadi 1981 unaitwa Lopiar, na mtu anaweza kusema mwanawe alizaliwa kabla au baada ya Lopiar, na kila msikilizaji akaelewa. Hapo hesabu inaanzia pale maisha yalipobadilika. Saa ya Waswahili nayo huanza kuhesabu jua linapochomoza, ndiyo maana saa ya dijitali inayoonyesha 7:00 husomwa saa moja asubuhi, na Wahabeshi wanaoishi Kakuma wana desturi hiyohiyo kutoka kwao. Karibu na ikweta, ambapo urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, mapambazuko ni sifuri ya kutegemewa. Usiku wa manane ni sifuri ya wenye mashine. Zote mbili ni halali, na maelfu ya watu hubadilisha moja kwenda nyingine kila siku bila kujikwaa, kwa sababu wanajua wanayezungumza naye anaanzia wapi.

Hatari huja pale mpimaji anapoamini kwamba sifuri yake ndiyo ya ulimwengu. Karibu na Kalokol, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kuna nguzo za mawe za Namoratunga, ambazo masimulizi ya wenyeji yanasema ni watu waliogeuzwa mawe. Mwaka 1978 wanaakiolojia B. M. Lynch na L. H. Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za mahali hapo zilipangwa kuelekea nyota zinazotumiwa katika kalenda ya Waborana, na kwamba zilisimamishwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari hiyo ilienea duniani, na Turkana ikasifiwa kwa kuwa na chombo cha kale cha kupima muda. Mwaka 1982 Robert Soper alirudia vipimo na kutia shaka: mawe yale yana sumaku inayopotosha dira, na nguzo zikiwa nyingi na nyota zikiwa nyingi, mistari ya kukutana haikosekani. Uchunguzi wa baadaye wa maeneo ya nguzo katika bonde hilo umezidi kuisogeza tarehe nyuma. Huko Lothagam Kaskazini, timu ya Elisabeth Hildebrand na Katherine Grillo ilionyesha mwaka 2018 kwamba nguzo ziliambatana na makaburi ya wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, na kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa pale. Waliopima mwanzo hawakukosea kutoa na kujumlisha. Walichukua kalenda ya Waborana wa karne ya ishirini, wakaifanya mwanzo, kisha wakaurudisha mwanzo huo katika mawe ya watu wengine kabisa. Na utukufu wa Turkana haukupungua kwa kusahihishwa: makaburi ya pamoja ya wafugaji wa kale ni jambo kubwa kuliko kalenda iliyotungwa na mgeni.

Serikali ya kikoloni ilileta sifuri ya aina nyingine, ile ya hukumu. Jomo Kenyatta alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria, na tarehe 8 Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka saba, alichokitumikia Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Muda huo, baada ya kupunguziwa, ulikwisha mwezi Aprili 1959. Kwa hesabu ya kawaida, mtu aliyemaliza kifungo huenda nyumbani. Kenyatta alipelekwa Lodwar, akawekwa chini ya amri ya kuzuiliwa isiyokuwa na tarehe ya mwisho, akakaa hapo hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961, na mwezi Agosti mwaka huo akaachiwa huru. Sheria ilihesabu vifungo kwa siku, na ilihesabu sawa. Lakini pale hesabu ya kwanza ilipokaribia kuleta matokeo yasiyotakiwa, mwenye kitufe alianzisha hesabu ya pili isiyokuwa na mbonyezo wa kusimamisha. Kwa serikali, kifungo kilikwisha 1959. Kwa aliyekuwa Lodwar na waliomsubiri, muda wa kunyimwa uhuru ulianza Oktoba 1952 na ulikuwa bado unakimbia. Anayetaka kujua mamlaka hufanya nini na muda, asitazame urefu wa adhabu peke yake. Atazame nani ana haki ya kusema kwamba sasa tunaanza upya.

Kambi ya Kakuma ililifanya swali hilo kuwa la watu wengi mno. Wavulana wa Sudan waliokuwa Ethiopia walilazimika kuondoka mwaka 1991 utawala wa Mengistu ulipoanguka, wakarudi Sudan vitani, na mwaka uliofuata wakavuka kuingia Kenya na kupelekwa Kakuma. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na Sudan Kusini ilipotumbukia vitani tena Desemba 2013, maelfu wapya wakawasili. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina kipimo rasmi cha ukimbizi wa muda mrefu: watu wasiopungua 25,000 wa taifa moja wakiwa uhamishoni nchi moja kwa miaka mitano mfululizo au zaidi. Hiyo ni stopwochi yenye mpaka ulioandikwa. Ina manufaa yake, kwa kuwa huilazimisha dunia ikiri kwamba hema la dharura limegeuka nyumba. Hata hivyo neno mfululizo ndilo linalobeba uzito wote. Mtu aliyekimbia mwaka 1992, akarejea Sudan Kusini baada ya uhuru wa Julai 2011, kisha akakimbia tena 2014, huweza kuonekana katika rejista kama mgeni wa mwaka 2014. Tarakimu ziko sawa. Uhamisho wake kama alivyouishi haumo ndani yake.

Kwa upande wa pili, stopwochi ndiyo iliyowatoa Kakuma baadhi ya vijana. Tegla Loroupe, aliyezaliwa Pokot Magharibi na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio za marathoni za New York mwaka 1994, alikuwa kwa miaka mingi ameandaa mbio za amani kati ya jamii zinazoibiana mifugo, Wapokot na Waturkana wakiwemo. Mwaka 2015 taasisi yake iliendesha majaribio ya mbio Kakuma. Rose Nathike Lokonyen alikimbia peku. Waliochaguliwa walihamia Ngong kufanya mazoezi, na mwezi Juni 2016 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza timu ya kwanza ya wakimbizi, yenye wanamichezo kumi. Watano walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliokuwa wakiishi Kenya: Lokonyen, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek, Anjelina Nadai Lohalith na Paulo Amotun Lokoro. Mwaka huohuo, makazi ya Kalobeyei yalikuwa yanafunguliwa karibu na Kakuma, katika ardhi iliyotolewa na wenyeji na serikali ya kaunti ili wakimbizi na Waturkana waishi pamoja.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni zito. Atasema mtu: ninyi mnalaumu sifuri, lakini kwa mkimbizi stopwochi ndiyo haki pekee aliyowahi kuipata. Haiulizi pasipoti, haiulizi kabila, haitaki barua ya chifu. Mtu akikimbia kwa kasi, inasema alikimbia kwa kasi. Nakubali, na nadhani ndiyo sababu majaribio ya Kakuma yalikuwa na heshima. Lakini riadha yenyewe inashuhudia kwamba haki hiyo haikutoka kwenye mashine. Ilijengwa na watu waliokubaliana kuhusu kitufe. Kanuni za kupima kwa mkono zinamtaka mpima muda aanze anapoona moshi au mwale wa bastola, wala si anaposikia mlio, kwa kuwa sauti huhitaji karibu theluthi ya sekunde kusafiri mita 100. Zinataka wapimaji watatu, na wakitofautiana, muda wa katikati ndio unaoshika. Zinataka sehemu za mia zipandishwe hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa sababu kidole cha mtu hakiwezi kuaminiwa zaidi ya hapo. Na tangu Januari 1977 rekodi za dunia za mbio hadi mita 400 hukubaliwa tu zikiwa zimepimwa kwa mtambo wa umeme unaoanzishwa na bastola yenyewe. Stopwochi ni ya haki pale tu sifuri yake imewekwa wazi, mbele ya wote, kwa kanuni moja.

Pingamizi la pili ni la wenye kupenda matokeo. Huko Rio, kwenye Olimpiki ya mwaka 2016, Lokonyen alikimbia mita 800 kwa 2:16.64 katika mchujo, na mshindi wa dhahabu, Caster Semenya, alitumia 1:55.28 katika fainali. Lohalith alitumia 4:47.38 katika mita 1,500. Je, hilo halionyeshi kwamba walialikwa kwa huruma, na kwamba saa iliufichua ukweli? Saa ilisema kweli kuhusu umbali kati ya bastola na mstari wa mwisho. Ila swali kama kijana wa Kakuma anaweza kuwa mkimbiaji halianzii kwenye bastola. Linaanzia siku alipopata viatu, chakula cha kutosha na kocha, na kwa Lokonyen na wenzake siku hiyo haikuwa hata imetimiza mwaka. Michezo iliyofuata, iliyofanyika Tokyo mwaka 2021, Lokonyen alitumia 2:11.87, na Lohalith 4:31.65, yaani karibu sekunde 16 chini ya Rio. Dominic Lobalu, Msudani Kusini aliyefanya mazoezi Ngong katika mpango huohuo kabla ya kuhamia Uswisi mwaka 2019, alishinda dhahabu ya Ulaya ya mita 10,000 Roma mwezi Juni 2024 akivaa jezi ya Uswisi. Miezi miwili baadaye, mjini Paris, alikimbia katika timu ya wakimbizi na kukosa shaba ya mita 5,000 kwa sekunde 0.14. Mtu mmoja, majira mamoja ya joto, jezi mbili. Miguu yake ilipimwa kwa fuwele zilezile. Uraia wake ulipimwa na taasisi mbili zenye sifuri mbili tofauti.

Pingamizi la tatu ni la kifalsafa. Kila mtu akiruhusiwa kuchagua mwanzo wake, hakuna kipimo kitakachobaki: anayeshindwa atasogeza mstari, na hoja yangu itakuwa kichaka cha visingizio. Hofu hii ni ya haki, lakini jibu lake limo ndani ya saa yenyewe. Saa nyingi za stopwochi zina kazi ya kupima mzunguko. Mkimbiaji akipita, kitufe hugandisha kioo kwa muda na kuonyesha mzunguko ule, huku hesabu kuu ikiendelea chini kwa chini bila kuguswa. Mwandishi wa programu huweka alama ya pili bila kuifuta ya kwanza, na masomo yote mawili ni ya kweli kwa sababu kila moja linajulikana limeanzia wapi. Siombi sifuri zifutwe wala kila mtu apewe ya kwake. Naomba mambo mawili: sifuri itajwe, na hesabu kuu isifutwe kila ofisi inapoanzisha mzunguko mpya. Lodwar ya 1959 ilikosa la pili. Rejista inayomwandika mtu kuwa mgeni wa 2014 inakosa yote mawili.

Sasa tuitazame Kalobeyei kwa jicho hilo. Ripoti husema makazi yalianza mwaka 2016, na matokeo yake, kuanzia shule na biashara hadi uhusiano wa wakimbizi na wenyeji, hupimwa kuanzia mwaka huo. Kwa mradi, tarehe hiyo ni sahihi. Kwa familia iliyohamishwa kutoka Kakuma, ambako ilikuwa imeishi miaka mingi, 2016 ni mzunguko tu. Hesabu kuu ilianza walipovuka mpaka. Kwa Waturkana wa Kalobeyei, walioijua ardhi ile kama malisho kabla ya ramani kuchorwa, hesabu inaanzia mbali zaidi, na Lopiar imo ndani yake. Anayeuliza kwa nini mradi wa miaka kadhaa haujawafanya watu wajitegemee, na anayejibu kwamba watu hawa wamezoea kusaidiwa, wote wawili wanasoma kioo bila kuuliza kitufe kilibonyezwa lini na nani. Vijana wa Turkana sasa wanajifunza kazi za kompyuta, kwa mfano katika kampasi ya Startup Lions iliyochorwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2021 kando ya ziwa. Wakipewa zoezi la stopwochi, mwalimu awaeleze mapigo 32,768 na akiba ya 128, kwa kuwa ufundi huo ni mzuri na una haki ya kupendwa. Kisha awatake waandike, kando ya kila matokeo, mwanzo ulisomwa lini na kwa amri ya nani. Ofisi zinazohesabu maisha ya watu wa Kakuma na Kalobeyei zinastahili kudaiwa jambo hilohilo, na wa kulidai kwa ujuzi ni wale watakaokuwa wamejifunza kuiandika programu yenyewe.